Akina mama wa dagaa hukaa benchi la nyuma: ni utaratibu au ni dhambi?

Ndugu washauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni shemasi katika kanisa moja huku Ilemela, Mwanza, si mbali na ziwa. Kila baada ya Jumapili moja nina zamu ya mlangoni, kupokea watu na kuwaonyesha pa kukaa.

Tuna viti vya plastiki 80 na mabenchi 14 yasiyo na egemeo. Viti viko mbele, mabenchi nyuma. Haijaandikwa popote, ila sisi wa mlangoni tunajua: watumishi wa ofisini, wenye maduka na matajiri wa mitumbwi, mbele. Akina mama wa dagaa na vijana wa kambini kwa wavuvi, benchi. Tuliambiwa tangu zamani ni kwa sababu ya shombo, tena wao huchelewa, na wakipita mbele wanavuruga ibada. Ibada inaanza saa 1 na nusu asubuhi.

Jumapili tatu zilizopita aliingia mama mmoja Mjita, ana kama mwaka tangu ahamie mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Aliona kiti kitupu mstari wa pili, akaketi. Mwenzangu wa zamu akamfuata, akamgusa bega na kumnong'oneza ahamie nyuma, kwamba kile kiti kina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa hata hajafika. Mama alimshika mwanawe mkono akatoka. Benchi lenyewe hakuligusa. Hajarudi mpaka leo.

Nilipomgusia mwenyekiti wa wazee alinijibu hivi: hakuna anayebaguliwa, wao wenyewe hupenda kukaa nyuma, waliojenga kanisa kwa fedha zao wakikosa heshima watahama, na paa bado halijaisha, na tena Mungu anaangalia moyo, haangalii kiti. Mzee huyu ni rika la baba yangu na ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Siwezi kubishana naye.

Kuna na mengine. Wazee wote 9 ni Wasukuma. Mimi mwenyewe ni Msukuma, sisemi kwa chuki. Matangazo huanza kwa Kiswahili yakaishia Kisukuma, nusu ya watu wanacheka, nusu wanatazamana. Michango ya ujenzi inasomwa kwa jina na kiasi. Na kijana wa kambini anayeishi na mwanamke bila ndoa amezuiwa Meza ya Bwana, wakati tajiri mmoja ambaye kila mtu anajua ana nyumba ndogo anashiriki kama kawaida.

Naomba mnijibu: hili ni suala la utaratibu tu, au ni dhambi? Na mtu wa cheo changu aanzie wapi bila kulipasua kanisa?

Shemasi wa zamu, Ilemela

JIBU

Amina, Mama Shemasi.

Ni dhambi, na neno hilo si letu. Yakobo 2:9 inasema wazi: "Bali mkiwapendelea watu, mwafanya dhambi." Sasa rudi mistari michache nyuma uone Yakobo anamkamatia nani. Hamkemei mwenye pete ya dhahabu kwa kuwa na pete. Mhubiri hamtaji kabisa. Anamshika yule anayemwambia mmoja, "Keti wewe hapa mahali pazuri," na mwingine, "Simama wewe pale." Huyo ni mtu wa mlangoni. Kwa hiyo cheo chako si kidogo katika jambo hili kama unavyodhani. Mistari hiyo ni kama imeandikwa kwa ajili ya zamu yako.

Mzee wako ametaja moyo. Maneno hayo yako 1 Samweli 16:7, na inafaa kujua yalisemwa wakati gani. Samweli alimwona Eliabu, mrefu na mwenye sura nzuri, akadhani ndiye wa kupakwa mafuta. Bwana akamzuia: wanadamu huitazama sura ya nje, yeye huutazama moyo. Aliyekuwa anakanywa ni mtu aliyekuwa tayari kupanga watu kwa macho. Mstari huo hauwezi tena kuwa utetezi wa kupanga viti kwa macho.

Neno lenyewe la Kigiriki linalotafsiriwa "upendeleo" limejengwa juu ya kupokea uso. Ndiyo maana Paulo katika Wagalatia 2:6 anasema Mungu hapokei uso wa mwanadamu. Yaani hamsomi mtu kwa kile kinachotangulia kuonekana, au kwa upande wenu, kwa kile kinachotangulia kunuka.

Tukae kidogo kwenye hilo la shombo, maana hapo ndipo watu wema hujificha. Matendo 10 wengi wanaijua kwa ajili ya Kornelio, akida wa Kirumi wa Kaisaria, na lile shuka lililoteremshwa mara tatu. Wanachoruka ni nyumba aliyokuwa amefikia Petro. Alikuwa Yafa, kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko pwani. Kazi ya ngozi ni kushika mizoga na kuloweka, na harufu yake haitoki kwa kuoga mara moja. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200, inataka kiwanda cha ngozi kiwe dhiraa 50 nje ya mji, kama mita 23 hivi, na inamruhusu mke kudai talaka kwa mume mtengenezaji wa ngozi akishindwa kuvumilia. Kwa mtu wa kazi hiyo ndiko Petro alikokaa siku nyingi. Alikula pale, akalala pale, akapanda kuomba juu ya dari ya nyumba hiyohiyo. Kabla Mungu hajamwambia asimwite mtu awaye yote mchafu wala najisi, pua yake ilikuwa imeshazoezwa.

Kwa hiyo shombo si hoja ya kumtenga mtu, ingawa ni jambo la kweli ambalo kanisa linaweza kulitengenezea njia. Mafuta ya dagaa yanashika kwenye kitenge na chini ya kucha. Wekeni ndoo ya maji yenye koki, sabuni na misumari ya kutundikia nguo za kazi, ila viwekwe uani karibu na choo, kwa matumizi ya kila mtu. Mkiviweka mlangoni vimekuwa kizuizi cha ukaguzi, na atakayenawa pale atakuwa ametangazwa. Madirisha yote yafunguliwe kabla ya ibada, ya mbele na ya nyuma. Mara nyingi kinacholalamikiwa kama shombo ni joto la bati na hewa iliyosimama.

Sasa hatua zenyewe. Usianze na maneno, anza na daftari. Kwa Jumapili nne mfululizo chora mchoro wa viti na mabenchi, kisha uweke alama, bila majina: nani kakaa wapi, aliingia saa ngapi, alipokelewa kwa mkono au alionyeshwa kwa kidole, alikuja mwenyewe au alihamishwa. Zile ambazo si zamu yako, kaa mahali unapouona mlango. Kwa nini nne? Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo ndani ya Jumapili nne utapata za giza na za mbalamwezi. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa, inarudi alfajiri, na akina mama wanapokea mzigo saa 11 au saa 12, wanauanika jua likichomoza. Ibada ya saa 1 na nusu inawakuta mikono ikiwa ndani ya dagaa. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika. Kama daftari lako litaonyesha kuwa wanachelewa Jumapili za giza na wanawahi za mbalamwezi, basi si uzembe wao. Ni saa yenu ndiyo imepangwa kwa ajili ya watu wa ofisini.

Ukishakuwa na kurasa nne, nenda kwa mzee, nyumbani kwake, jioni, mkiwa wawili na mwenzako mnayeheshimiana. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote kule Antiokia, ni kweli, lakini Petro alikuwa amejitenga na meza ya watu wa Mataifa hadharani, hata Barnaba akachukuliwa, na aliyesema alikuwa mtume mwenzake. Wewe unaongea na mtu wa rika la baba yako. 1 Timotheo 5:1 inakupa njia: mzee hakemewi, anaonywa kama baba. Amkia, kaa, kunywa chai yake, kisha sema kitu kama hiki: "Baba, nimekuja na daftari la zamu yangu. Nimeona mimi na wenzangu tumekuwa tukihamisha watu. Naomba unisaidie tulirekebishe kabla halijafika mbali." Anza na "mimi na wenzangu." Ukianza na "ninyi wazee," mazungumzo yameisha kabla chai haijapoa.

Kwamba wao hupenda nyuma, usibishane naye. Mwombe tu mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi huo hakuna kiti chenye mwenyewe, hakuna anayehamishwa. Watakaopenda nyuma wataendelea kukaa nyuma, na wapo, kwa sababu wingu likitanda lazima mtu atoke mbio akaanue. Mvua ya nusu saa inatosha kuvundisha dagaa, na bei ikashuka hadi ya chakula cha kuku. Anayekaa karibu na mlango kwa sababu hiyo aachwe kwa amani.

Viti navyo vipangwe upya Jumamosi, watu wasiwepo. Msiwe na eneo la viti na eneo la mabenchi. Mabenchi 14 yagawanywe: 7 kila upande kuanzia mbele hadi nyuma, viti katikati na pembeni. Tengeni mstari mmoja tu, wenye egemeo, kwa wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga, wa mwalo na wa mjini vilevile. Watu wa mlangoni wawe wawili kila mlango, na katika kila jozi mmoja awe anatoka mwaloni au kambini. Maneno yawe mamoja kwa kila anayeingia: "Karibu, twende nikuonyeshe nafasi," kisha mtembee naye mpaka kitini. Kidole ndicho kinachoharibu. Mtu huyohuyo anayemsindikiza meneja hatua 15 humwonyesha mama wa dagaa kwa kidevu akiwa amesimama palepale, na hajui kama amefanya hivyo.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo makanisa yenye bidii hulifanya wiki ya kwanza tu. Wanawapandisha akina mama wote mbele, wanawasimamisha, wanapigiwa makofi, picha zinapigwa. Mambo ya Walawi 19:15 inakataza kumstahi mwenye nguvu, na katika pumzi hiyohiyo inakataza kumpendelea maskini. Mama yule alitaka kiti. Hakuomba jukwaa. Vivyo hivyo na ile desturi ya wageni kusimama na kujitaja wametoka wapi na kanisa gani: kwa mtu aliyehama Ukara au Kigoma jana, akiwa na nguo moja, hayo ni mahojiano.

Kuhusu saa, pendekezeni saa 4. Kwa saa hizo mzigo umeshaanikwa, na wa kuanua bado hadi alasiri. Msikubali wazo litakalokuja haraka, la kuwaanzishia "ibada ya wavuvi" ya jioni. Linasikika la upendo, lakini mwaka ukiisha mtakuwa na makanisa mawili chini ya bati moja, na kile kiambaza cha kati ambacho Waefeso 2:14 inasema Kristo alikibomoa mtakuwa mmekijenga kwa ratiba.

Lugha ni rahisi. Matangazo na mahubiri kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, utani ukitoka kwa Kisukuma utafsiriwe hapohapo, na bibi asiyejua Kiswahili akalishwe na mjukuu wa kumnong'oneza. Nyimbo za Kisukuma ziendelee, na za Kijita na Kikerewe zipate zamu. Ufunuo 7:9 inaonyesha kabila na lugha bado zikihesabika mbele ya kiti cha enzi. Hakuna aliyetakiwa kuzivua.

Michango: mweka hazina aandike kila jina na kiasi katika leja, atoe stakabadhi, na kanisani isomwe jumla tu. Anayetaka kuhakiki aione leja. Tusikudanganye, huenda miezi ya mwanzo jumla ikapungua, maana wapo wanaotoa ili wasikike. Mwambieni mweka hazina mapema, asije akalitumia hilo kama ushahidi kwamba mmekosea. Tajiri naye asidharauliwe. Lidia aliuza nguo za zambarau na nyumba yake ikawa mlango wa injili Filipi. Ila hakuna mahali tunaposoma kuwa alitengewa kiti.

La wazee 9 ndilo litakalochukua muda mrefu kuliko yote, na lina mfano wake katika Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri tu kuhusu upendo. Walibadilisha walioshika mgao. Watu saba wakachaguliwa, na ukiyasoma majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Upande uliolalamika ulikabidhiwa ghala, na wajane wa upande wa pili wakaanza kula kutoka mikononi mwao. Kwa hiyo uchaguzi ujao ukifika, msiwape watu wa mwalo "uwakilishi" wa kuketi kikaoni wakisikiliza. Wapeni kazi yenye funguo: hazina, rambirambi, ratiba ya wahubiri. Na tukitaja rambirambi, iwe na kiwango kimoja kwa kila mshirika. Kijana wa kambini akifa hana ukoo Mwanza. Kanisa ndilo litakalosimama mochwari.

Tumalizie na Meza ya Bwana. Kutokuwa na upendeleo si kufuta nidhamu. Petro hakusema kila jambo linakubalika, alisema katika kila taifa mtu amchaye Mungu na kutenda haki hukubaliwa naye. Kosa lenu ni mizani miwili. Lakini angalia: "kila mtu anajua" si ushahidi. Mathayo 18:16 inataka mashahidi wawili au watatu. Mashauri yote mawili yaletwe kwenye kikao kimoja, siku moja, kwa maswali yaleyale, na hukumu ya mmoja isitolewe kabla ya mwingine hajasikilizwa. Kama ushahidi juu ya tajiri haupo, msimhukumu kwa uvumi ili tu kusawazisha. Kwa kijana, ulizeni kinachomkwamisha. Mara nyingi ni gharama ya sherehe au mahari iliyobaki. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa angalau siku 21 kabla, ambazo ni sawa na matangazo ya Jumapili tatu. Sherehe haimo katika sheria. Mchungaji akizungumza na wazazi wa binti, ndoa inaweza kufungwa kwa soda na maandazi.

Yote hayo ni ya miezi. La wiki hii ni yule mama. Msingoje kikao. Mwende wewe na mwenzako aliyemgusa bega, na yeye ndiye aseme. Wewe ni wa kumsindikiza tu. Msiende alfajiri wakati wa mzigo, nendeni mbalamwezi, au kama ni giza, nendeni saa 5 akiwa ameshaanika. Msibebe sukari wala kilo ya mchele, itaonekana mnanunua. Mkimkuta anageuza dagaa, pindeni nguo mgeuze naye. Msiseme "kama tulikukwaza." Mwenzako ataje tendo: "Nilikutoa kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Nilikosea. Nimekuja kukuomba radhi, na mwanao pia." Mtoto aambiwe kwa jina lake, maana aliona. Akisema ameshapata kanisa lingine, mwombeni Mungu ambariki huko, msimvute. Akisema atafikiri, muulizeni tu Jumapili ipi mitumbwi haitoki, na mwondoke kabla hajaanza kuwatafutia pa kukaa.